Umefika Bunia mara ya kwanza: utakula wapi karibu na hoteli?

Kila juma kuna watu wanaoingia Bunia bila kuijua. Mmoja ametoka Kinshasa na ndege, amekuja kwa formasio ya siku tano. Mwingine ametoka Aru ao Mahagi kwa gari, anafuata kesi yake kwenye tribinali. Mwingine tena amesindikiza mgonjwa kutoka Mambasa na hajui atarudi lini. Wote wanatua mizigo mu chumba, wananawa uso, na swali la kwanza ni moja tu: sasa tunakula wapi?

Jibu la haraka ni kukula mule mule mu hoteli. Watu wengi njo wanafanyaka vile, na kwa usiku wa kwanza si vibaya, hasa kama umefika giza imeanza. Lakini tuseme wazi. Katika hoteli zetu nyingi moto wa jikoni hauwake kama hakuna mtu ameagiza chakula. Ukiomba kuku saa moja ya jioni, ni saa hiyo njo wanaanza kumtafuta. Mimi nilishangoja karibu saa tatu katika hoteli moja, kisha wakaniletea viazi na kuniomba samahani juu ya kuku. Bei nayo iko kwa dola. Tangu mwaka 2003, wakati askari wa Artemis kutoka Ulaya, kisha MONUC na mashirika ya misaada walipojaa hapa, mji umezoea mgeni mwenye kulipiwa na kazi yake, na bei ya sahani katika hoteli inaangalia mfuko wa huyo.

Mtu wa formasio atapona, sababu kuna anayemlipia. Lakini yule amesindikiza mgonjwa, akikula hotelini mara mbili kwa siku, makuta ya kurudi nyumbani inabaki mezani. Kwa huyo hasa tunaandika.

Kosa la wageni ni kuuliza resepsioni: "Resto nzuri iko wapi?" Kijana wa pale anakuangalia viatu na sakosi, na anakutuma pahali anapofikiri watu kama wewe wanapendaka. Utapata kitambaa mezani na karatasi ndefu ya vyakula, nusu yake havipo siku ile. Uliza namna ingine: "Kaka, wewe mwenyewe unakulaka wapi saa sita?" Kisha uliza mlinzi wa mlango. Kisha mama anayefagia: "Mama, ungekuwa na njaa sasa, ungeenda kwa nani?" Watu wawili wakikutajia mama mmoja, usitafute tena. Sisi wa radio, tukitumwa kazi mahali tusipojua, njo tunafanyaka hivyo, na mara chache tumelala njaa.

Mara nyingi watakutuma kwenye malewa. Kwa mgeni ambaye hajui neno hilo: malewa ni kajumba ka mbao ao chumba kimoja chenye bansi, masufuria makubwa nyuma, mama mwenye kupakua na msichana mwenye kubeba sahani. Hakuna karatasi ya bei. Ukilala kwenye hoteli za katikati ya mji, huna lazima ya moto: toka mguu, acha Boulevard de Libération yenyewe, ingia kwenye njia za kando zinazoelekea soko kuu. Malewa zinafuata watu wa kazi. Utazikuta karibu na ofisi za serikali, karibu na soko, karibu na hospitali na kando ya vyuo vikuu, sababu mwanafunzi hana makuta ya kuchezea na mama anajua.

Saa ni kitu kikubwa kuliko pahali. Malewa inaishi kati ya saa sita na saa nane ya mchana. Chakula cha asubuhi ile kinapikwa mara moja, kinaisha, na kazi imekwisha. Ukija saa tisa utapata chini ya sufuria, ao chakula kilichopashwa tena. Aliyetoka Kinshasa akumbuke kusukuma saa yake mbele saa moja, na aliyetoka Kampala airudishe nyuma saa moja. Inaonekana ni jambo dogo, lakini wako wageni wanaokosa chakula paka juu ya hiyo.

Mama atakuuliza: "Mboga gani?" Usifikiri anazungumza majani tu. Hapa kwetu mboga ni kila kitu kinachosindikiza bugali ao mchele: nyama, samaki, maharagi, sombe, lenga-lenga. Bugali mara nyingi ni ya unga wa muhogo, na mgeni aliyezoea ya mahindi itamshangaza kwa kunata. Kama hauna uhakika na tumbo yako, anza na maharagi na mchele: vimechemka muda mrefu na vinatoka motoni moja kwa moja. Sombe ya mafuta ya mawese na karanga ni tamu, lakini ni nzito kwa mtu aliyeshinda mu gari.

Samaki njo sifa ya Bunia, na usiondoke bila kumkula. Anatoka Ziwa Albert, kwenye mialo ya Tchomia na Kasenyi, anapanda na balabala ya Bogoro mpaka hapa. Kuna tilapia, kuna kapiteni, kuna wale wadogo wanaokaushwa juani. Uliza bila haya: "Mama, samaki wa leo ao wa jana?" Mama mzuri atakuambia ukweli, sababu anataka urudi kesho. Akianza kuzunguka na maneno, chukua maharagi. Umeme hapa unakatika, na si kila frigo unayoiona ikisimama kwenye kona inafanya baridi. Kwa hiyo nyama iliyochinjwa asubuhi na kuingia sufuriani siku ile ile, katika malewa ya mbao, naiamini kuliko nyama ya frigo katika nyumba yenye vioo.

Siku ingine utaambiwa hakuna viazi, ao maharagi imepanda bei. Usidhani mama ni mvivu. Mboga mingi inafika kwa balabala ya taifa namba 27, kutoka upande wa Djugu na Mahagi, na kwa upande mwingine kutoka Komanda. Balabala ikikatwa na mashambulizi, soko linasikia mbele ya siku mbili kupita, na sahani yako inasikia pia.

Namna ya kujua pahali pazuri bila kuuliza mtu: simama mlangoni dakika mbili. Angalia kama kuna ndoo yenye robine, maji ndani, na sabuni. Ugonjwa wa Ebola wa mwaka 2018 mpaka 2020, uliogusa Ituri pamoja na Kivu ya Kaskazini, ulituachia mazoea hayo, lakini pahali pengine ndoo imebaki kavu kama pambo. Ndoo kavu, endelea na njia. Angalia tena sahani zinaoshwa wapi: kama ni katika beseni moja la maji meusi tangu asubuhi, umeshajua. Angalia kama masufuria yamefunikwa, na kama watu wa moto na wafanyakazi wa ofisi wamekaa pamoja. Maji ya kunywa nunua chupa iliyofungwa na uivunje kifuniko wewe mwenyewe. Kipindupindu si mgeni katika Ituri, na tumbo moja inaharibu safari yote.

Kuhusu makuta: uliza bei mbele ya kukaa, si kisha kukula. Hakuna anayekasirika. Lipa kwa franga, na ukae na noti ndogo-ndogo, sababu kwenye malewa kurudisha chenji ya noti kubwa ni shida. Ukitoka na dola, ujue noti yenye mpasuko hata kidogo, ao iliyochakaa, itakataliwa, na noti ya dola moja wengi hawaitaki kabisa. Badilisha kiasi mchana kwa cambiste ambaye hoteli inamjua.

Jioni ni habari ingine. Malewa zimefunga, zimebaki nganda na wale wenye kuchoma mbuzi kwenye makala, na makemba na pili-pili pembeni. Chakula ni kizuri, lakini Ituri iko chini ya etat de siege tangu Mei 2021, na hali ya usiku inabadilika. Kabla ya kutoka uliza hoteli: leo watu wanarudi saa ngapi? Kula mapema, karibu. Beba karti yako ya uchaguzi ao paspoti, na kama unatumikia shirika, karatasi ya kazi pia. Usisimamishe moto yoyote njiani. Hoteli iite dereva wanayemjua, na mpatane naye arudi kukuchukua. Kama wewe ni dada uko peke yako, mimi naona heri ununue mishikaki mbele ya giza kuingia, wakufungie, ukule chumbani.

Siku ya kuangalia sana ni Siku ya Mungu. Mama wengi wako kanisani mpaka mchana na malewa haziwake moto. Siku za salongo pia milango inafunguka kwa kuchelewa, na ikitangazwa ville morte hakuna chochote kinachofunguka. Posho ya siku hizo inanunuliwa jana yake: mkate, ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha, avoka.

Na kwa waliosindikiza wagonjwa: msikule kila mtu peke yake. Karibu na hospitali kubwa kuna mama ambao, ukienda kwao siku mbili mfululizo na kuwaambia uko na mgonjwa, wanakubali kupima sahani moja kubwa ya watu wawili, ao kukuwekea uji wa mgonjwa asubuhi. Wengine wanakubali ulipe kwa juma. Lakini ni lazima useme. Na beba kopo lako lenye kifuniko, sababu kule kopo la kupeleka chakula wodini linapotea kila siku na mama hataki tena kuazima.