Nywele kutoka China, dawa kutoka China

Wadau, kimya changu cha wiki tatu kina sababu. Nilikuwa kusini, Mbamba Bay, kumsalimia bibi mzaa mama. Na kama mjuavyo, mwandishi akienda likizo harudi mikono mitupu. Safari hii stori yenyewe iko kichwani mwangu, na sisemi kwa mafumbo.

Nianze na aibu. Nilipokuwa na miaka 28, nywele za mbele, hapa pembeni juu ya masikio, zilianza kuniaga. Msusi mmoja aliniambia ni mawazo. Rafiki yangu akasema ni maji ya Dar. Mimi nikafanya walichofanya Watanzania wengi wa mjini kabla yangu: nikaingia duka la dawa za Kichina. Nyuma ya kaunta palikuwa na dada wa Kibongo kama mimi. Hakunigusa mkono, hakuangalia ulimi, hakuniuliza hata naumwa nini. Aliangalia paji la uso, akauliza swali moja: "Chupa ndogo au kubwa?"

Nilinunua kubwa. Nikanunua tena. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Baadaye, kwa hasira tu, nikaanza kusoma. Hiyo dawa ya nywele ya Wachina imetoka wapi, na ilifikaje mpaka mtaani kwetu? Hapo ndipo nilipokuta mambo.

Kitabu kikongwe cha tiba ya Kichina, Huangdi Neijing, kilichokusanywa yapata karne ya pili au ya kwanza kabla ya Kristo, kinahesabu maisha ya mwanamke kwa miaka saba saba. Akifika miaka 28 nywele zake zinakuwa ndefu kuliko wakati wowote. Akifika 35 zinaanza kudondoka, na 42 zinaanza mvi. Mwanaume anahesabiwa kwa nane nane, na nywele zake zinaanza kumkimbia akiwa na 40. Kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa kwenye kilele! Ningekutana na tabibu wa kweli wa tiba hiyo, umri wangu peke yake ungemshtua. Kwa waganga hao nywele ni ziada ya damu, na nguvu ya figo huonekana kwenye nywele. Sio lazima ukubaliane nao (figo zao sio hizi za maabara, ni namna ya kupanga mwili mzima), lakini ona jambo moja: kwao nywele ni shahidi tu. Tabibu anapima mapigo ya mkononi, anaangalia ulimi, anauliza hedhi, usingizi, chakula. Halafu ndipo anachanganya dawa, na mchanganyiko wako sio wa jirani yako.

Dawa yao maarufu kabisa ya nywele ni mzizi uitwao he shou wu, yaani He mwenye kichwa cheusi. Hadithi yake iliandikwa enzi ya Tang, karne ya tisa. Mzee dhaifu asiye na mtoto anaona mimea miwili ya porini inayotambaa ikikumbatiana usiku, anachimba mzizi, anaula, nywele zinarudi nyeusi na watoto wanapatikana. Stori tamu. Ila mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba mzizi huo huo umehusishwa na watu kuumwa ini. Chupa yangu ilikuwa na maandishi ya Kichina mbele na nyuma. Mpaka leo sijui nilikunywa nini.

Sasa ilifikaje Tanzania? Hapa ndipo historia inaponisikitisha kidogo, kwa sababu dawa ya Kichina haikuja kwetu kama biashara. Zanzibar ilipokea madaktari wa Kichina mwaka huo huo wa Mapinduzi, 1964. Nyerere akaenda China Februari 1965, Zhou Enlai akaja kwetu Juni, na mwaka 1968 kundi la kwanza la madaktari kwa Tanzania Bara likawasili kutoka jimbo la Shandong. Walikuwa waajiriwa wa serikali yao, wakafanya kazi katika hospitali za serikali yetu, mikoani. Walikuja na upasuaji na vidonge vya kawaida, na pia zile sindano nyembamba zisizo na dawa ndani. Mgonjwa alikuwa halipi. Wakati huo China yenyewe ilikuwa imeshaingiza tiba yake ya jadi vyuoni. Vyuo vinne vya kwanza vilifunguliwa 1956. Kwa hiyo kilichokuja kwetu kilikuwa tayari kimepangwa na dola, sio mzee mmoja na kikapu chake cha mizizi.

Tena mwaka 1987 nchi hizi mbili zikaanza ushirikiano wa kujaribu dawa za Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI pale Muhimbili. Baadhi yetu wazazi wetu walikuwa bado hawajaoana.

Halafu upepo ukageuka. Soko huria likafunguliwa, hospitali zikaanza kuchangisha, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kliniki binafsi za Kichina zikachipuka Dar es Salaam. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu alizichunguza, na mwaka 2002 akachapisha makala yenye jambo lililonichekesha. Wagonjwa wa Kitanzania walimwambia wanapenda dawa ya Kichina kwa sababu inafanya kazi haraka. Kule China watu wanaisifu kwa kinyume chake: ni ya polepole, inakwenda kwenye shina! Dawa ilivuka bahari, sifa yake ikapinduka. Na dawa ya haraka haihitaji maswali. Inahitaji chupa.

Mwaka huo huo wa 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa mgawanyo huo mganga wa Kichina ni tiba mbadala, na bibi yangu wa Mbamba Bay ni tiba asili. Nimefurahi kumpandisha bibi cheo namna hiyo, ingawa yeye angecheka.

Turudi ziwani basi.

Siku hizi kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni lami. Mnaacha milima ya Wamatengo, zile ngoro zao kama sega la nyuki ubavuni mwa mlima, kahawa kila upande, halafu mnazunguka kona mnaona maji. Zamani ilikuwa vumbi au tope, chagua mwenyewe. Barabara hiyo imejengwa na kampuni ya Kichina, kutoka jimbo la Henan. Weka jina hilo pembeni, Henan, nitalirudia.

Bibi alinipokea, tukala ugali wa muhogo na usipa. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akanivua kilemba bila kuomba ruhusa. Akakaa nacho mkononi.

"Mjukuu wangu, ulipata homa?"

Hapana, bibi.

"Damu yako inakuja vizuri? Unalala?"

Ndiyo, bibi.

Akapitisha kidole pembeni pa kichwa, pale palipokuwa laini kama kiganja. "Nani anakusuka?"

Yaani wadau, maswali yale yale! Homa: malaria kali huangusha nywele miezi miwili mitatu baada ya mgonjwa kupona, na kando ya Nyasa watu wameishi na malaria vizazi vyote. (Kwa taarifa yenu, aliyewahi kumeza dawa mseto amekwisha kunywa mmea wa Kichina. Kiini chake kilichujwa 1972, sisi tukaifanya mseto kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, na Tu Youyou akapata Nobel 2015.) Damu, usingizi, kisha mkono wa msusi. Bibi hajawahi kusikia habari za Huangdi. Ila yeye alianza na kuuliza, na kaunta haikuuliza.

Nilimwuliza kuhusu nywele za zamani. Alisoma shule ya misheni, na anakumbuka vichwa vyote kunyolewa muhula ukianza, wasichana kwa wavulana, kwa sababu ya chawa na mapunye. Mwenye mapunye alipakwa dawa ya zambarau, akatembea nayo wiki nzima watu wakimcheka. Mapunye ni fangasi, na kidonge cha kweli cha kuyamaliza, griseofulvin, kilianza kutumika duniani mwishoni mwa miaka ya 1950 tu. Kabla ya hapo hata Ulaya watoto walichomwa vichwa kwa eksirei! Ukijua hivyo, wembe wa misheni hauonekani ukatili sana.

Nyumbani dawa ilikuwa mafuta ya nyonyo. Mbegu zinakaangwa, zinatwangwa, zinachemshwa, mafuta yanaenguliwa juu. Mbegu mbichi ni sumu, kwa hiyo watoto walifukuzwa. Mafuta hayo yana ukoo mrefu. Wamisri wa kale waliandika kuyatumia kichwani kwenye mafunjo ya Ebers, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Wachina waliingiza mbegu yake katika kitabu cha dawa cha serikali cha mwaka 659. Na hapa kwetu kusini yalikwenda vitani: maji ya Kinjikitile, mwaka 1905, yalichanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Mafuta ya nywele, wadau.

Nywele zilizonyolewa zilifukiwa, asije mbaya wako akaziokota. Nilimsimulia bibi kwamba Wachina huchoma nywele za binadamu zikawa mkaa, na mkaa huo ni dawa ya kuzuia damu. Alinyamaza sana. Akasema hao watu ni jasiri.

Sasa Henan. Mji wa Xuchang, jimbo hilo hilo, ndio kitovu cha nywele bandia duniani. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilipiga marufuku nywele za Kichina, ati ni za kikomunisti. Na Oktoba 1968, mwaka ule ule wa madaktari wa Shandong, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku mawigi, sketi fupi na mikorogo, kuanzia 1 Januari 1969. Ile ndiyo Operesheni Vijana. Leo rasta ziko kwenye kila duka la vipodozi, Kariakoo mpaka Mbinga mjini, na nyingi zinatoka China.

Hizo ndizo zilizoning'oa. Mtaalamu wa ngozi niliyemwona baadaye alithibitisha alichoona bibi kwa kidole: misuko ya kubana, uzito wa rasta, miaka mingi mfululizo. Ukiacha mapema nywele zinarudi. Ukichelewa shina linageuka kovu, na hapo hakuna mzizi wala chupa. Mimi nilichelewa mwaka mmoja, kwa sababu nilikuwa nakunywa dawa huku nimesukwa. Nywele kutoka China juu, dawa kutoka China ndani.

Upande wa kulia zimerudi, fupi fupi, za kipilipili. Wa kushoto bado, na daktari haahidi kitu. Nilipomwonyesha bibi chupa yangu ya mwisho, aliinusa, akamwaga kilichobaki nyuma ya nyumba, akaosha chupa vizuri akatia mafuta ya nyonyo. Amenipa nirudi nayo. Maandishi ya Kichina bado yapo mbele na nyuma.

Kama kuna mdau wa Liuli au Lituhi anayejua mapunye yanaitwaje kwa Kinyasa cha wazee, naomba aniambie. Bibi amesahau, na inamkera.