Jamaa Usiowajua Waliokataa Muziki Wako Uzimwe

Wadau, kuna usiku bando lilikata, na malipo ya mwezi ya programu moja ya muziki (siitaji) nayo yalikuwa yameisha. Nikafungua simu nipige ngoma nilizokuwa "nimezipakua". Zote kijivu. Nabonyeza, kimya. Nyimbo nilizozilipia karibu miaka mitatu, leo nimegeuka mpangaji aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba.

Chumba cha pili bimkubwa alikuwa anasikiliza kanda yake ya taarabu kwenye redio ya zamani. Hana bando, hana neno la siri. Anachungulia mlangoni ananiuliza, "Wewe mbona umenuna?"

Hapo ndipo nikamkumbuka mshkaji wangu mmoja ambaye kila siku anapigia debe "seva" yake ya muziki: kijikompyuta cha ukubwa wa kadi ya benki, kimejificha nyuma ya spika, kinapiga muziki kutwa nzima. Siku zote nilidhani ni mambo ya mafundi tu. Kumbe kina historia, na historia yenyewe ni umbea mtupu: kampuni kuuzwa, bidhaa kutelekezwa, na watu wasio na jina mjini kuokoa jahazi. Leo sitaji jina la mtu. Mwishoni utaelewa kwa nini.

Helsinki, 1991

Mwanafunzi wa miaka 21 huko Finland alikuwa anaandika mfumo wa kuendeshea kompyuta yake ya nyumbani. Akawatangazia wenzake mtandaoni, akisema ni hobi tu. Mfumo huo ukaja kuitwa Linux.

Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya aina yake: yeyote ruksa kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Sharti ni moja: ukigawa ulichobadilisha, wape watu na msimbo wake, yaani maandishi ya ndani ya programu, ili nao waweze kukibadilisha. Shika hiyo pointi ya leseni, tutairudia.

Kiboksi cha California

Twende 2001. Watu wamejaza mp3 kwenye kompyuta, lakini kompyuta iko chumbani na spika kubwa ziko sebuleni. Kampuni ndogo ya California, Slim Devices, ikatoa kiboksi kinaitwa SLIMP3. Hakikuwa na diski ndani. Unakichomeka kwenye amplifaya, kinavuta nyimbo kupitia waya wa mtandao kutoka kwenye kompyuta ya chumbani, ambako kuna programu inayoitwa seva. Seva kazi yake ni moja: kutunza nyimbo zote mahali pamoja na kumgawia anayeomba.

Baadaye vikaja viboksi vya Squeezebox visivyohitaji waya, na vikapata mashabiki wa kufa na kuzikana. Ila siri ilikuwa kwenye ile programu ya seva. Waliitoa chini ya leseni ya familia ileile ya Linux.

Mwaka 2006 Logitech wakainunua kampuni kwa dola milioni 20. Mwaka 2012 wakasitisha Squeezebox. Tuwe wa haki: huduma ya mtandaoni ya viboksi hivyo waliiacha ikiwaka kwa zaidi ya miaka kumi mingine. Lakini viboksi vipya ndiyo basi tena. Kawaida hapa ndipo hadithi huwa inaisha. Kifaa kinazeeka, unakitupa, unanunua kingine.

Mwaka huohuo, Cambridge

Tarehe 29 Februari 2012, Uingereza, kundi la watu wa Cambridge likazindua Raspberry Pi. Shida yao wala haikuwa muziki. Waliona vijana wanaoomba kusoma kompyuta chuoni wanapungua, na wanaokuja hawajawahi kuandika programu yoyote. Wakasema tutengeneze kompyuta ya bei chee kiasi kwamba dogo akiiunguza, mzazi hatapiga kelele. Ya kwanza iliuzwa dola 35. Asubuhi ile tovuti za wauzaji zilizidiwa na watu. Novemba 2015 wakafanya kituko kingine: wakatoa ndogo zaidi ya dola 5, na nyingine wakazibandika bure kwenye gazeti lao.

Kwenye muziki, ile ya mwanzo ilikuwa aibu. Ukichomeka spika kwenye tundu lake la sauti unasikia "shhhh" kama redio iliyopoteza stesheni. Sababu ni kwamba wimbo ndani ya kompyuta ni namba tu, na spika inataka umeme unaopanda na kushuka taratibu. Kuna chipu maalumu ya kugeuza namba kuwa sauti. Ili kubana bei, Pi haikuwekewa nzuri, ikawa inaigiza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme harakaharaka.

Lakini pembeni mwa bodi kulikuwa na vipini vya kuunganishia vitu, na baadhi yake vinapitisha I2S, njia ya kusafirisha sauti kati ya chipu na chipu iliyobuniwa na Philips miaka ya 1980. Watu wakaona mwanya. Wakaanza kutengeneza vibodi vidogo vyenye chipu nzuri ya sauti, unavipachika juu kama kofia. Kelele kwisha.

Wasio na jina wakaingia kazini

Sasa unganisha. Upande mmoja kuna seva ya muziki ambayo msimbo wake uko wazi, ila viboksi vyake havitengenezwi tena. Upande wa pili kuna kijikompyuta cha bei chee kinachoendeshwa na Linux. Unadhani watu walifanya nini?

Shabiki mmoja akaandika Squeezelite, programu ndogo inayoifanya kompyuta yoyote ijifanye Squeezebox. Wengine wakaifunga ndani ya mfumo mwepesi wa piCorePlayer, ambao ukiwaka unahamia wote kwenye memori ya muda, memori kadi inapumzika. Kwa sisi hiyo ni habari kubwa, maana umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, kadi inaweza kufa. Mwitaliano mmoja mwaka 2013 naye akaja na njia yake, RaspyFi, ambayo leo inaitwa Volumio. Yeye alijenga juu ya programu nyingine ya bure iliyoanza 2003, MPD, inayokaa kimya ndani ya kompyuta na kupokea amri kutoka kwenye simu yako. Mwaka 2016 Raspberry Pi 3 ikaja na Wi-Fi yake ndani, waya ukapungua.

Mwanzoni mwa 2024 ile huduma ya mtandaoni ya Squeezebox ikazimwa. Ingekuwa programu nyingine, ndiyo mazishi. Hii haikufa, kwa sababu leseni ile ilikuwa inafanya kazi yake. Wanaoitunza wakaibadilisha jina, sasa inaitwa Lyrion, wakaendelea. Kuna viboksi vya zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita ambavyo hadi leo vinapiga muziki kwenye sebule za watu. Na wengi wa wanaovifanya viendelee kuishi ukikutana nao barabarani huwajui.

Ya kwangu ilivyokuja

Mshkaji alinisaidia jioni moja. Tulipakua mfumo, tukauandika kwenye memori kadi, tukaichomeka kwenye Pi 3 iliyotumika. Tukapachika kibodi cha sauti, waya ukaenda kwenye amplifaya, diski yenye nyimbo ikaingia kwenye tundu la USB. Simu ikawa rimoti. Bando nilitumia kupakua mfumo tu. Baada ya hapo nyimbo zinatembea ndani ya nyumba, intaneti haihusiki.

Tahadhari moja: diski nayo ni kifaa, inakufa. Weka nakala ya pili mahali pengine, la sivyo utakuja kulia kama nilivyolia mimi.

Kazi kubwa ilikuwa kanda za bimkubwa. Kanda haina njia ya mkato. Ya dakika 60 inaingia kompyuta kwa dakika 60, nawe umekaa hapo. Nyingine utepe ulishaanza kuliwa na redio. Nyimbo kadhaa nilizitafuta kwenye kila programu ninayoijua na sikuzikuta. Na moja haikuwa ya dukani kabisa: mtu alirekodi harusi ya mama mdogo, na katikati ya wimbo kuna kigelegele cha bibi, ambaye alishatangulia mbele za haki. Hakuna kampuni itakayokuja kukiweka kile kigelegele kwenye orodha yake ya wiki. Kingebaki kwenye utepe mpaka utepe uishe.

Jumapili iliyofuata nikakipiga sebuleni. Bimkubwa aliacha kuchambua mchele, akanyamaza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyosoma kuhusu Linux.

"Mwanangu, na hiki kidude kinakula bando?"

"Hapana, mama."

"Na wenyewe wakifunga biashara yao?"

"Hakifungwi, mama. Wenyewe ni watu tu."

"Basi rudisha mwanzo."

Haya wadau, zamu yenu. Ni wimbo gani uko kwenye kanda, sidii au simu mbovu nyumbani kwenu, na hauko kwingine kokote duniani? Tupia hapo chini, halafu ukautafute kabla haujaliwa.