Mchujo wa gofu ya video mtandaoni

Mchujo wa gofu ya video mtandaoni ni hatua ya awali ya mashindano ambamo wachezaji wa mchezo wa video wa gofu hushindania nafasi chache za kuingia raundi kuu, kila mmoja akiwa mahali pake. Mchezaji hucheza raundi moja au zaidi ndani ya siku zilizotangazwa, na seva ya waandaaji hurekodi mikwaju yake. Muda ukiisha, walio juu ya mstari uliowekwa huendelea na waliobaki hutoka.

Mchujo huu una sifa isiyopatikana katika michezo mingi ya kielektroniki: mchezaji hapambani na mtu mwingine papo kwa papo, bali na kiwanja. Kwa sababu hiyo mtu aliye Musoma, maelfu ya kilomita kutoka kwenye seva, hapotezi kwa umbali kama ambavyo angepoteza katika ngumi au soka ya video. Vikwazo vyake viko kwingine: umeme, akaunti na masharti ya ukaazi.

== Asili ==

Wazo la mchujo limetoka katika gofu ya uwanjani. Michuano inayoitwa "ya wazi" hupokea maombi ya mchezaji yeyote mwenye kiwango kilichotajwa, awe wa kulipwa au wa ridhaa. Michuano ya Wazi ya Marekani huwa na washiriki 156, na takriban nusu yao hupata nafasi kwa kupita michujo: kwanza raundi ya mashimo 18, kisha siku ndefu ya mashimo 36. Mwaka 1965 gofu ya kulipwa ya Marekani ilianzisha mchujo wa mwaka kwa wanaotaka kibali cha kucheza msimu mzima. Mchujo huo ulipewa jina la "shule", ingawa humo hakuna anayefundishwa.

Michezo ya video ya gofu ilikuwapo kabla ya intaneti kuenea. Mwaka 1984 kampuni ya Nintendo ilitoa mchezo ulioitwa tu Golf, uliopangwa na Satoru Iwata, ambaye mwaka 2002 alikuwa rais wa kampuni hiyo. Mchezo huo ulieneza mtindo wa kubonyeza mara tatu: mara ya kwanza kuanza, ya pili kuchagua nguvu, ya tatu kulenga. Mwaka 1989 ilitokea Golden Tee, mashine ya sarafu iliyowekwa katika baa za Marekani, ambayo mchezaji aliichezesha kwa kuviringisha tufe. Katika miaka ya 1990 mashine hizo ziliunganishwa kwa laini za simu, na watu wa miji tofauti wakaanza kushindana bila kuonana.

Mwaka 2008 ulianza World Golf Tour (WGT), mchezo uliochezwa ndani ya kivinjari cha kompyuta kwa kutumia picha halisi za viwanja. Mwaka uliofuata mchezo huo, kwa kushirikiana na Chama cha Gofu cha Marekani (USGA), ulikuwa na Michuano ya Wazi ya mtandaoni juu ya picha za kiwanja cha Bethpage Black, New York, palepale ilipochezwa michuano halisi ya mwaka huo. Baadaye kampuni ya HB Studios ya Nova Scotia, Kanada, ilitoa The Golf Club (2014) na PGA Tour 2K21 (2020). Michezo hiyo iliwawezesha wachezaji kuunda viwanja vyao na kuanzisha vyama vya mashindano. Ndiyo maana michujo mingi ya leo huendeshwa na watu wa kujitolea, si na makampuni.

== Mwendo wa raundi ==

Waandaaji hutangaza kiwanja, idadi ya raundi, ugumu wa upepo na mbio za mpira kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo. Katika mchujo ulioandaliwa vizuri, kila mshiriki hukuta hali ileile: mashimo yamewekwa mahali pamoja na upepo ni mmoja. Hilo ni jambo ambalo gofu ya uwanjani haiwezi kulitoa, kwa maana anayepiga asubuhi na anayepiga alasiri hawakuti upepo sawa hata siku moja.

Kila shimo lina kipimo chake, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari: 3, 4 au 5. Jumla ya kipimo cha mashimo 18 kwa kawaida ni 70 hadi 72. Katika mtindo wa zamani mchezaji hubonyeza kitufe alama inayokimbia ikifika katikati ya mstari. Katika mtindo mpya huvuta kijiti cha pedi nyuma na kukisukuma mbele, na programu hupima unyoofu na mwendo wa kidole chake. Akivuta haraka mno mpira huenda upande mmoja, akichelewa huenda upande mwingine. Kazi iliyobaki ni hesabu: umbali, mwinuko, upepo, na mteremko wa nyasi karibu na shimo.

Alama zinazopatikana humo ni ndogo kuliko za uwanjani. Katika ziara kuu ya kulipwa ya Marekani raundi bora kuliko zote ni ya mikwaju 58, aliyoipiga Jim Furyk mwaka 2016. Katika gofu ya video raundi ya chini ya 60 kwa mchezaji mzoefu si habari ya kushangaza. Matokeo yake ni kwamba wanaofukuzia nafasi hubanana sana juu ya jedwali, na mkwaju mmoja ulioangukia majini hauna pa kufidiwa. Mchezaji wa uwanjani akiharibu shimo la tatu bado ana matumaini, kwa kuwa wenzake nao wataharibu. Katika mchujo wa video wenzake huenda wasiharibu kabisa.

Waandaaji hutofautiana juu ya idadi ya majaribio. Wapo wanaoruhusu kurudia raundi mara nyingi na kuhesabu iliyo bora. Mtindo huu humpendelea mwenye muda mwingi, na mwenye bando la kutosha. Wapo wanaotoa jaribio moja tu, na hapo anayepita ni yule ambaye mkono wake haukutetemeka. Mtindo wa pili una haki zaidi kwa mtu anayelipia mashine kwa saa kwenye kibanda cha gemu. Wachezaji wawili wakifungana, baadhi ya mashindano huazima kanuni ya klabu za gofu: hulinganishwa mashimo 9 ya mwisho, kisha 6, kisha 3, kisha shimo la 18.

== Umbali na seva ==

Taarifa katika nyaya za intaneti husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo, kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Musoma hadi Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,800. Kwenda na kurudi ni kilomita 5,600, yaani milisekunde 28 kwa uchache. Kutoka Musoma hadi London ni kama kilomita 6,700, na safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 67. Nyaya, hata hivyo, hazinyooki. Kutoka kanda ya Ziwa taarifa hushuka kwanza hadi pwani, Dar es Salaam au Mombasa, ndipo ziingie baharini, hivyo muda halisi huweza kuwa maradufu au zaidi. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ilipita kwenye satelaiti zilizo juu kilomita 35,786, na jibu lilichukua karibu nusu sekunde kurudi.

Katika mchezo wa ngumi kama Tekken picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka hufika baada ya picha 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Anayeona ngumi hiyo ikiwa imechelewa milisekunde 130 amebakiwa na muda ambao jicho na mkono wa binadamu hauwezi kuutumia. Ameshapigwa kabla ya kujua.

Katika gofu mpira umelala kwenye nyasi ukimsubiri mchezaji. Katika michezo mingi ya aina hii mkwaju hupimwa ndani ya mashine ya mchezaji mwenyewe, na matokeo ndiyo yanayotumwa kwenye seva. Yakichelewa nusu sekunde hakuna anayeumia. Ucheleweshaji unaodhuru ni ule wa nyumbani: kompyuta dhaifu ambayo picha zake hukwama wakati wa kubonyeza, au televisheni inayochukua muda kuonyesha kilichotumwa na mashine. Televisheni nyingi za kisasa zina mpangilio maalumu wa gemu unaopunguza kasoro hiyo, na huwa umefichwa ndani ya menyu.

== Umeme, akaunti na masharti ==

Udanganyifu wa zamani kuliko wote katika gofu ya video ni kuzima mashine. Mchezaji akiona mpira unaelekea majini, huchomoa waya, kisha huanza upya kana kwamba mkwaju haukupigwa. Ili kumkomesha, waandaaji hurekodi kila mkwaju papo hapo, na raundi iliyokatika huhesabiwa kuwa ya aliyejitoa.

Seva haina njia ya kutofautisha aliyechomoa waya na aliyekatikiwa umeme. Kanuni iliyotungwa dhidi ya mdanganyifu humwangukia mtu aliyekuwa shimo la 16, chini ya kipimo kwa mikwaju 10, umeme wa mtaa mzima ulipozimika. Baadhi ya michezo humruhusu aliyekatikiwa kuendelea pale alipoishia, mkwaju wa mwisho ukihesabiwa. Hiyo ndiyo kanuni bora, kwa kuwa inamnyima mdanganyifu faida bila kumfukuza asiye na hatia. Mahali ambapo haipo, kinga ni kifaa cha betri cha kushikilia umeme kwa dakika chache, au kutumia kompyuta ya mapajani yenye betri nzima na intaneti ya simu.

Suala la akaunti ni zito zaidi. Hadi mwaka 2024 huduma ya mtandao ya PlayStation haikuwa imefunguliwa rasmi Tanzania, Kenya wala Uganda, ingawa Afrika Kusini ilikuwamo. Mashine zenyewe huuzwa madukani Kariakoo na Nairobi, na wanunuzi hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, aghalabu Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Mei 2024 jambo hili lilijulikana dunia nzima pale Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation. Baada ya malalamiko mengi kampuni iliondoa sharti hilo ndani ya siku chache, lakini mchezo ulikuwa umeshaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 100 zisizo na huduma.

Kwa mchezaji wa kujifurahisha akaunti ya namna hiyo haileti shida. Kwa mshiriki wa mchujo inaweza kumgharimu ushindi. Mashindano yenye zawadi huwa na masharti yanayotaja nchi zinazoruhusiwa na umri wa chini, mara nyingi miaka 18, na mshindi hutakiwa kuthibitisha jina na makazi yake. Mtu aliyejiandikisha kuwa mkazi wa Marekani na akashinda kutoka Majita hana hati ya kuonyesha, na huondolewa kihalali. Masharti hayo huwekwa wazi kabla ya usajili, kwa Kiingereza kirefu cha kisheria ambacho wachache hukisoma. Sehemu ya kutazamwa kwanza ni ile inayotaja wanaostahili kushiriki.

Kompyuta ina unafuu kidogo, kwani duka la Steam hupokea akaunti za Tanzania. Hata hivyo mchezo wa kupakua huwa na gigabaiti nyingi, kiasi kinachoweza kumaliza bando la mwezi kabla mkwaju wa kwanza haujapigwa. Raundi zenyewe hutumia data kidogo.

== Afrika Mashariki ==

Gofu ya uwanjani ina historia ndefu katika eneo hili. Michuano ya Wazi ya Kenya ilianza mwaka 1967, na tangu 2019 imo katika ziara kuu ya Ulaya. Tanzania ina viwanja vya Gymkhana Dar es Salaam na Arusha, Lugalo, Moshi na Mufindi. Mkoani Mara, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) lilianza katika miaka ya 2020 kujenga uwanja wa mashimo 18 huko Fort Ikoma, wilaya ya Serengeti. Uwanja wa ukubwa huo huhitaji zaidi ya ekari 100 na maji mengi, hivyo mchezo umebaki wa wanachama wa klabu, wageni, na wabeba fimbo, ambao baadhi yao ndio waliokuja kuwa wachezaji bora wa kulipwa.

Katika vibanda vya gemu vya miji ya Afrika Mashariki kinachotawala ni soka, kisha ngumi. Mchezaji aliyefungua njia ya kimataifa alitoka katika ngumi: Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kama Queen Arrow, mchezaji wa Tekken aliyesajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani, XiT Gaming. Alifanya hivyo katika mchezo ambao, kwa hesabu zilizotajwa hapo juu, humwadhibu mtu wa mbali kuliko gofu inavyofanya.

Michujo mingine huishia kwenye fainali ya ana kwa ana. Hapo aliyefuzu huhitaji pasipoti, viza na nauli, na muda kati ya kufuzu na fainali unaweza kuwa wa wiki chache tu. Pasipoti ya Tanzania huombwa kupitia Idara ya Uhamiaji, na ombi huambatana na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Mshiriki asiye na hati hizo hufanya vyema kuzishughulikia kabla ya mchujo kufunguliwa.