Afisa mteule wa mawasiliano: cheo kimoja, majeshi mawili

Katika zoezi la kijeshi la Justified Accord, ambalo Marekani huliandaa nchini Kenya pamoja na majeshi ya Afrika Mashariki, askari wawili wanaweza kuandikwa kwenye orodha ya majina kwa herufi zilezile: WO1. Mmoja ni Mtanzania aliyepanda ngazi nzima ya askari hadi kileleni, mtu ambaye mabrigedia humwita pembeni kumuuliza hali ya vijana. Mwingine ni Mmarekani, sajini wa juzi, ambaye ndiyo kwanza ametoka darasani kusomea mitandao ya kompyuta. Mkalimani akiwaita wote wawili "Afisa Mteule Daraja la Kwanza", amemtendea haki mmoja tu.

Kosa hilo ni rahisi kulifanya, kwa sababu istilahi yetu ni nzuri na imezoeleka. Katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania ngazi inakwenda hivi: koplo, sajini, sajini wa stafu, Afisa Mteule Daraja la Pili, Afisa Mteule Daraja la Kwanza, kisha unavuka kizingiti kuingia kwa maafisa wenye kamisheni, kuanzia luteni usu. Mpangilio huo ni urithi wa Waingereza. Kwao, anayeitwa "warrant officer" ni askari mkuu kuliko askari wote, mlinzi wa nidhamu na desturi za kikosi, sajini meja ambaye sauti yake husikika mwisho wa gwaride. Kiswahili kilipotafuta jina la mtu huyo kilipata "afisa mteule", na likamkaa vizuri.

Kuna majina mengine ambayo yangeweza kutumika, na inafaa kuona kwa nini yangeshindwa. "Afisa wa waranti" angefikiriwa kuwa polisi aliyekuja na karatasi ya kukamata mtu. "Afisa wa hati" angetafutwa kwenye ofisi ya ardhi. "Mteule" limeepuka mitego hiyo miwili, ingawa lina utata wake: rais mteule na balozi mteule ni watu waliokwisha kuchaguliwa au kuteuliwa lakini bado hawajaapa. Msomaji asiyeyajua mambo ya jeshi anaweza kudhani afisa mteule ni afisa anayesubiri kuapishwa. Hasubiri chochote. Cheo anacho, na anaweza kustaafu nacho.

Tuliangalie neno la Kiingereza lenyewe, maana ndani yake kuna jambo ambalo tafsiri yetu imeliacha. "Warrant" limetoka katika Kifaransa cha kale, na ni ndugu wa damu wa neno lililowapa Waingereza "guarantee". Maana yake ya awali ni ulinzi na dhamana: mtu anayesimama nyuma ya mwingine na kusema, huyu namjua. Katika manowari za Uingereza za zamani, nahodha na maluteni walikuwa na kamisheni ya mfalme, na mara nyingi walitoka katika familia zenye jina. Lakini merikebu haiendeshwi na jina. Palihitajika mtu wa kusoma nyota na mikondo, seremala wa kuziba ubao uliopasuka, bingwa wa mizinga, na serahangi wa kusimamia kamba na matanga. Hao walipewa hati iliyothibitisha ujuzi wao. Pwani yetu ilikuwa na mgawanyo kama huo. Mtu aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Kalikuti mwaka 1498 hakuwa mkuu wa msafara. Alikuwa rubani, na Wareno walimwandika "Malemo", matamshi yao ya neno la Kiarabu ambalo kwetu limekuwa "mwalimu".

Kwa hiyo tangu mwanzo cheo hiki kilikuwa na nyuso mbili. Upo uso wa nidhamu, uliokuzwa na jeshi la nchi kavu la Uingereza na kuletwa kwetu. Upo pia uso wa ujuzi, ambao Wamarekani waliushika na kuuendeleza.

Kabla ya kuwafuata Wamarekani, tusimame kidogo hapa nyumbani, kwani mtu wa katikati hakuletwa Afrika Mashariki na Waingereza peke yao. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliandikisha askari wa Kisudani mjini Kairo kwa ajili ya vita vya Wajerumani katika pwani yetu, nao wakaja na vyeo vya jeshi la Misri vyenye majina ya Kituruki: ombasha, shaushi, na juu kabisa kwa Mwafrika, efendi. Efendi alikuwa juu ya askari wote weusi na chini ya Wajerumani wote. Waingereza nao, katika jeshi lao la kikoloni la King's African Rifles, walikuwa na cheo cha jina hilohilo kilichosimama mpakani baina ya askari na maafisa. Idi Amin alikipata mwaka 1959, wakati huo kikiwa ndicho cha juu kabisa ambacho askari Mwafrika kama yeye angeweza kukifikia. Efendi ndilo neno lililozaa "afande", ambalo leo kila askari humwitia mkubwa wake. Neno tunalolitamka kila siku kwenye vituo vya polisi na kambi za jeshi lilikuwa jina la mtu wa katikati, aliyewekwa pale na ukuta wa rangi.

Wamarekani walimweka mtu wa katikati kwa sababu nyingine. Sheria ya tarehe 9 Julai 1918 iliunda huduma ya meli za kutega mabomu ya majini chini ya kikosi cha mizinga ya pwani. Meli hizo za jeshi la nchi kavu zilihitaji mabaharia, nalo likawateua manahodha, wasaidizi wao na wahandisi wa injini kwa hati. Siku hiyo ndiyo huadhimishwa hadi leo kama siku ya kuzaliwa kwa maafisa wateule wa jeshi hilo. Baadaye nafasi hizo zilijazwa na marubani wa helikopta, mafundi wa silaha, watu wa upelelezi na watu wa mawasiliano. Daraja la tano, lililo la juu kabisa, liliongezwa kwa sheria ya mwaka 1991.

Kuhusu hati na kamisheni, Mtanzania ana mahali pazuri pa kulinganishia. Kila mwaka tunasikia Rais akitunuku kamisheni kwa maafisa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Monduli. Kamisheni ni mamlaka inayotoka mkononi mwa mkuu wa nchi. Mmarekani wa daraja la kwanza, ambalo kwao ndilo la chini, kwa kawaida hateuliwi hivyo. Hati yake hutolewa na Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu. Akipanda daraja la pili ndipo anapopata kamisheni ya Rais, utaratibu ulioanza miaka ya 1980. Kuanzia hapo ni afisa mwenye kamisheni kisheria, na anaweza hata kuongoza kikosi. Sajini meja wetu, kwa uzito wake wote, hana kamisheni. Hapa ndipo majeshi haya mawili yanapoachana kabisa, na istilahi moja inashindwa kuwabeba wote wawili.

Sasa tuje kwenye mawasiliano. Kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani kinahesabu umri wake tangu mwaka 1860, daktari wa jeshi Albert Myer alipoteuliwa kuwa afisa wa kwanza wa ishara. Myer alikuwa amebuni namna ya kutuma herufi kwa kupunga bendera moja kushoto na kulia. Kutoka bendera walikwenda kwenye waya wa telegrafu, redio na rada; mwaka 1946 wahandisi wa kikosi hicho, wakiwa New Jersey, walirusha mawimbi hadi mwezini na kuyapokea yakirudi. Leo kazi ni seva, ruta, setilaiti na funguo za usimbaji. Kadiri mitambo ilivyozidi kuwa migumu ndivyo ilivyoonekana kwamba afisa wa kawaida, anayehamishwa kila baada ya miaka michache kwenda kuongoza kombania au kukaa makao makuu, hawezi kuijua kwa undani. Anahitaji mtu asiyehama katika fani.

Fani ya mtu huyo ina matawi matatu makubwa, yanayojulikana kwa namba. 255A anashughulikia data na huduma za habari: seva, mifumo ambayo kamanda huitazama akiamua wapi pa kupeleka vikosi. 255N ni wa mtandao wenyewe, yaani ruta, swichi na viungo vya setilaiti. 255S ni mlinzi, anayejua adui angeingilia wapi na anayetazama dalili kwamba ameshaingia. Msafara wa malori unaposimama porini usiku na makao makuu yakahitaji kuwa hewani kabla ya alfajiri, kamanda hamuulizi luteni. Anamuuliza huyu.

Njia ya kufika hapo inaanzia chini. Kijana anaweza kuandikishwa kutoka mtaani moja kwa moja kuwa rubani wa helikopta mwenye cheo cha afisa mteule, lakini mawasiliano hayana mlango huo. Mwombaji awe tayari sajini au zaidi, mwenye miaka kadhaa ya kazi halisi kwenye mitambo, kazi inayoonekana katika taarifa zake za utendaji na siyo katika maneno yake. Awe raia wa Marekani. Awe hajatimiza miaka 46. Awe na alama 110 au zaidi katika kipimo cha uwezo wa jumla kiitwacho GT, sharti ambalo halisamehewi. Apite mtihani wa viungo, apekuliwe na kupewa kibali cha kushika siri. Makamanda wake waandike barua.

Kisha kuna barua moja iliyo tofauti na nyingine zote: ya afisa mteule mwandamizi wa fani hiyohiyo. Huyu humkalisha mwombaji na kumhoji. Anataka kujua alifanya nini mtandao ulipoanguka, alianzia wapi kutafuta kosa, ni nini alichokijenga mwenyewe na ni nini alichokikuta kimejengwa. Mtu anayeishi kwa ufundi huo hadanganyiki kirahisi. Akiridhika anaandika, na jina lake linabaki chini ya karatasi. Hii ndiyo dhamana iliyokuwa ndani ya neno "warrant" tangu enzi za merikebu, na bado inafanya kazi yake. Mimi naiona kuwa sehemu bora kuliko zote za utaratibu huu, kwa sababu inamlazimisha mjuzi kumwajibikia mjuzi anayekuja nyuma yake.

Bodi ya uteuzi ikimchagua, anakwenda Fort Rucker, Alabama, kwa kozi inayomvua usajini na kumfundisha kufikiri kama afisa. Baada ya hapo ni Fort Gordon, Georgia, karibu na mji wa Augusta, kwa miezi ya masomo ya fani yake. Akitoka, anapelekwa kikosini, na hapo huanza jambo gumu ambalo halimo katika mtaala: kumwambia kanali kwamba mpango wake hautawezekana kwa mitambo iliyopo, akiwa na kipande kidogo tu cha cheo begani. Ndiyo maana uzoefu wa usajini unadaiwa. Bila huo, sauti ingetetemeka.

Kwa haki ya Waingereza, tuseme kwamba hata wao hawakuusahau uso wa ujuzi. Kikosi chao cha mawasiliano, kilichoundwa mwaka 1920, kina wasimamizi wa kiufundi wanaotokana na sajini waliosoma sana. Tofauti ni kwamba hao wanabaki upande wa askari.

Basi tumwite nani huyu Mmarekani kwa Kiswahili? Wapo watakaopendekeza "fundi". Ni neno lenye heshima ya kale, lakini katika utumishi wa umma Tanzania limeshapangiwa daraja: fundi mchundo, fundi sanifu, halafu mhandisi juu yao. Kumwita afisa mteule fundi sanifu ni kumwingiza katika ngazi isiyo yake. Ninachopendekeza ni kuliacha "afisa mteule" lilivyo, kwani ni mali yetu na linaeleweka, na kuliongezea "mtaalamu" pale tu tunapozungumzia mfumo wa Marekani: afisa mteule mtaalamu wa mawasiliano. Anayepanda daraja la pili hadi la tano awe afisa mteule mkuu.

Namba zinahitaji uangalifu zaidi kuliko jina. Kwetu daraja la kwanza ni la juu na la pili liko chini yake. Kwao la kwanza ndilo la chini, na wa tano ndiye mzee. Ukiandika "daraja" bila maelezo umewageuza juu chini. Heri kuandika "ngazi ya 1" hadi "ngazi ya 5" kwa Wamarekani, na kuliachia "daraja" mfumo wetu.

Lipo pia jina la kuitana. Wamarekani humwita afisa mteule mkuu wao "Chief". Asitokee mtu wa kuandika "chifu", kwa sababu Mkenya atamwona afisa wa utawala wa lokesheni, na Mtanzania atamwona mtemi. "Afande" linatosha kabisa.

Haya si mambo ya wanajeshi peke yao. Wapo Wakenya na wengine wa ukanda wetu waliohamia Marekani, wakapata uraia na kuvaa sare. Siku mmoja wao akipigia simu nyumbani kusema amekuwa afisa mteule wa mawasiliano, mama yake anastahili kuelewa mwanawe amepata nini. Gazeti litakaloandika habari hiyo linastahili istilahi isiyopotosha. Kamusi zetu zisilitaje neno kwa maana ya Kiingereza cha Uingereza tu, kana kwamba jeshi ni moja duniani. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania (BAKITA) na wenzao wa Kenya waongeze maana ya pili, waieleze tofauti ya namba, na wafanye hivyo wakiwa wamekaa meza moja na wanajeshi wenyewe.