Muuguzi wa Shule Alitoka Wapi?

Mama, na wewe mlezi unayetusikiliza kutoka Kaloleni, Jericho, Umoja na Kayole, leo tuangalie nyuma kidogo.

Mwaka 1902, jijini New York, Marekani, mtoto mwenye chawa au ugonjwa wa macho alirudishwa nyumbani. Hakuna aliyemfuata kumtibu, kwa hivyo alikaa huko akikosa masomo. Septemba hiyo, shule ziliwarudisha watoto zaidi ya mara 10,000. Oktoba, muuguzi Lina Rogers akapewa shule nne. Aliwatibu watoto shuleni, kisha akaenda nyumbani kwao kuwaelekeza wazazi. Wauguzi wengine wakaongezwa. Septemba 1903, idadi ilishuka hadi kama 1,100.

Hapa kwetu, elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003. Madarasa yakajaa, na penye msongamano magonjwa huambukizana upesi. Mwaka 2009 serikali ilizindua sera ya afya shuleni. Lakini shule nyingi za msingi za umma bado hazina muuguzi wa kukaa pale. Hutegemea muuguzi wa kliniki ya karibu, na mwalimu.

Basi wasaidie. Waambie mapema kama mwanao ana pumu, kifafa au kisukari. Hifadhi kadi yake ya chanjo. Kama binti yako ana miaka 10, uliza kuhusu chanjo ya HPV. Ukiitwa shuleni, nenda.

Lina Rogers hakufaulu peke yake. Alifaulu kwa sababu akina mama walimfungulia mlango.

Kwaheri ya kuonana.