Bandari ya Kisumu na Njia Zilizoipita Kando

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Ziwa Viktoria Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Meli William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani, ilikuwa imeshaungwa na kushushwa majini hapo mwaka 1900. Baadaye pamba ya Uganda ilivuka ziwa hadi Kisumu, ikapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Mombasa.

Mwaka 1924 tawi la reli kutoka Nakuru lilifika Eldoret, na mwaka 1931 reli ikafika Kampala kupitia Tororo. Shehena ya Kampala haikulazimika tena kushushwa melini na kupandishwa garimoshi. Hakuna njia ya Kisumu iliyokatwa, ila bandari ilipoteza nafasi yake ya pekee. Mapigo ya baadaye yaliigusa Kisumu yenyewe: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na shirika la pamoja la reli likagawanywa, na katika miaka ya 1990 magugumaji yakafunika sehemu za Ghuba ya Winam.

Mfumo wa reli na bandari kama huu huweza kuchorwa kwa grafu, yaani vituo na viungo kati yake. Hisabati yake huhesabiwa kuanzia mwaka 1736, Leonhard Euler alipochunguza madaraja ya Königsberg. Mtandao wa neva wa grafu, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na grafu, hukipa kila kituo namba zinazokieleza, kama vile uzito wa shehena. Kila mzunguko, kituo hukusanya namba za majirani na kuzichanganya na zake. Mwishoni hutolewa utabiri, kwa mfano wa shehena ya kituo.

Utabiri huo hauji na sababu zake. GNNExplainer, mbinu iliyotolewa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, hutafuta sehemu ndogo ya viungo na sifa za vituo ambayo, ikibaki peke yake, utabiri haubadiliki sana.

Chukua grafu ya vituo sita vilivyoungana kwa mduara: Kisumu, Nakuru, Eldoret, Tororo, Kampala na Port Bell, bandari ya Kampala ziwani, inayorudi Kisumu kwa njia ya meli. Kwa mizunguko miwili, habari za kiungo cha Tororo na Kampala haziifikii Kisumu. Mzunguko wa tatu unahitajika. Mtandao wenye mizunguko miwili ungetafuta sababu za Kisumu kupoteza nafasi yake mwaka 1931 kwa majirani wa karibu tu, na kiungo chenye uzito kisingekuwemo katika maelezo yake.

Hata mizunguko ikitosha, maelezo hayo huonyesha kile ambacho mtandao ulikitegemea, wala si lazima kiwe chanzo cha tukio. Chanzo huthibitishwa kwa kumbukumbu za reli, nauli na shehena za wakati huo.