Shaba Iliyobaki Kuwa Mwalimu

Fundi akifa bila kumrithisha mtu ujuzi wake, je, ujuzi huo unapotea kabisa? Tuangalie bunduki ndefu za Pennsylvania, Marekani.

Karne ya 18, mafundi wenye asili ya Ujerumani waliziunda huko, hasa upande wa Lancaster. Kwenye kitako kulikuwa na kijisanduku cha vitambaa vya kuzungushia risasi, na mara nyingi mfuniko wake wa shaba ulitiwa nakshi kwa mkono. Mwanagenzi alijifunza kwa kukaa na fundi miaka kadhaa. Karne ya 19 viwanda vikashika kazi, na wanagenzi wakapungua mno.

Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960, Wallace Gusler wa makumbusho ya Colonial Williamsburg, Virginia, aliunda bunduki nzima kwa mbinu za kale, mbele ya kamera. Waliofufua ufundi huu walifundishwa na nani? Kwa sehemu kubwa, na bunduki kuukuu zenyewe!

Iko hivi: patasi ndogo ikigongwa kwa nyundo huacha vijingazi ndani ya mkato, ikisukumwa kwa kiganja, mkato hutoka laini. Ukiilaza ubavu, mstari unapanuka. Mulika shaba hiyo kwa upande, utasoma mkono wa fundi ulivyopita.

Ila shaba haikwambii ukaze mkono kiasi gani. Hapo utaharibu vipande vingi kwanza. Kwa hiyo, kama mtaani kwenu kuna sonara mzee, nenda ukakae naye sasa. Kifaa kinaeleza, lakini hakikusahihishi.